Amana Iliyonuka Siki

Msomaji mpenzi, katika mambo mepesi kutamkwa na mazito kutimizwa, amana ni moja. Mtu hukukabidhi kitu chake, nawe ukamjibu, "Nitakitunza." Neno hilo halichukui muda wa kupepesa jicho, lakini deni lake laweza kudumu miaka ishirini. Nataka kukusimulia habari za deni moja la namna hiyo. Lilikuwa langu, nami nililisahau mpaka liliponirudia likinuka siki.

Mjomba wangu alikuwa mwandishi wa habari Mombasa. Mwaka wa 1986 mwandishi mwenzake, mgeni aliyekuwa akirejea kwao Uingereza, alimwachia kompyuta ndogo ya kubebwa mkononi. Wewe uliyezaliwa katika zama za simu zenye vioo vya rangi, yamkini ungaliicheka. Ilikuwa bapa, upana wake kama wa kitabu kikubwa kilichofunguliwa, unene wake kama wa vidole vitatu. Nusu ya chini ilikuwa na vibonye vya kuandikia, na nusu ya juu ilikuwa na kioo chembamba cha rangi ya kijivu. Kioo hicho hakikuwa na taa ndani yake. Kilisomwa kwa mwanga wa jua au wa taa ya mezani, kama ukurasa wa kitabu.

Mashine ya rika hilo iliyopata sifa kubwa ni TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na Kyocera ya Japani na kuuzwa Marekani tangu mwaka wa 1983. Kioo chake kilionyesha mistari 8 tu, kila mstari herufi 40. Ilitumia betri 4 ndogo, na uzito wake haukufika kilo 2. Waandishi wa habari waliipenda kwa kuwa waliweza kuandika mahali popote, kisha wakazipeleka habari zao kwa waya wa simu. Mashine ya mjomba ilikuwa ya ukoo huo. Jina la mtengenezaji wake silitaji, maana katika kisa hiki mkosaji si yeye.

Kumbukumbu ya mashine hizo ilikuwa finyu, tena ilitegemea betri. Umeme ukiisha kabisa, maandishi hupotea kama alama za mchangani zilizopitiwa na maji kujaa. Kwa sababu hiyo mjomba aliihifadhi kazi yake katika kaseti za kawaida, zile za kunasia nyimbo. Waya uliunganisha kompyuta na redio kaseti. Maneno yakageuka mlio wa kukwaruza, mlio ukanaswa katika mkanda. Siku ukiutaka, mkanda uliimba mlio wake, nayo kompyuta ikaugeuza kuwa maneno tena.

Mwaka wa 1988 mjomba alikaa na mama yake, yaani bibi yangu mzaa mama, jioni nyingi mfululizo. Bibi alisimulia maisha yake, na mwanawe aliandika. Maneno hayo aliyaweka katika kaseti mbili. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Mjomba alisema mara nyingi kwamba atayanakili masimulizi yale katika karatasi kesho. Na wewe wajua kwamba kesho ni mgeni aahidiye sana na afikaye mara chache.

Mwaka wa 1997 mjomba alistaafu, akahamia Wundanyi katika milima ya Taita. Kaseti alizichukua pamoja naye ndani ya kopo la biskuti. Mashine aliniachia mimi, kwa sababu nilikuwa kijana wa shule ya sekondari, nami nilimwomba sana nijifunzie. Alipokuwa akinikabidhi alisema, "Ukishaichoka, iweke mahali pakavu pasipo joto." Nikamjibu, "Nitaitunza, Mjomba."

Niliitumia kwa miezi michache. Halafu nilizoea kompyuta kubwa, zenye kasi na rangi, na ile ndogo ikaonekana machoni pangu kama baiskeli mbele ya gari. Niliifunga katika mfuko wa plastiki, nikaukaza kwa kamba, nikaiweka katika stoo yetu yenye paa la mabati. Betri sikuzitoa. Kama umepata kukaa Mombasa mwezi wa Februari, wajua joto na unyevu wa stoo ya namna hiyo. Humo ndimo nilimoitunza amana kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka wa 2019 mjomba alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mwanangu, macho yangu yanafifia. Nataka kuyasoma maneno ya mama kabla hayajafunga. Mashine yangu i hali gani?"

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikasema, "I salama, Mjomba."

Nilikuwa sijui kama i salama. Nilijua tu kwamba iliniaibisha kusema sijui.

Jioni ile nilikata kamba ya mfuko, na harufu kali ya siki ikanipiga puani kana kwamba nimefungua mtungi wa achari. Mahali pa betri palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe. Kioo kilikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia, na ngozi yake ya juu ilikuwa imejikunja na kufanya malengelenge. Niliipeleka kwa fundi mmoja. Aliitazama kwa muda mfupi akasema, "Kioo kimekufa, na vioo hivi havitengenezwi tena. Tupa." Hakuwa na nia mbaya, aliona alichokiona. Nilitoka pale nikitunga njiani uongo wa pili wa kumwambia mjomba.

Lakini uongo wa pili hunenwa kwa taabu kuliko wa kwanza, nami sikuweza kuunena. Badala yake niliamua kujifunza kile kilichokufa ni nini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa muda wote wa maisha yangu nilikuwa nimetazama vioo vya namna hii bila kujua vinavyofanya kazi. Niruhusu nikueleze kwa ufupi, maana bila maelezo haya kisa changu hakitakuwa na maana.

Mwaka wa 1888, katika mji wa Prague, mtaalamu wa mimea wa Austria aitwaye Friedrich Reinitzer alipasha moto dutu moja aliyoipata kutokana na kolesteroli. Ilipofika nyuzi 145 hivi iliyeyuka, ikawa majimaji yenye ukungu. Alipozidisha moto hata nyuzi 178 na zaidi, ukungu ulitoweka, majimaji yakawa meupe kama maji safi. Kitu kile kilikuwa kama kimeyeyuka mara mbili. Mwanafizikia wa Ujerumani, Otto Lehmann, alikichunguza akaona kwamba katika hali ile ya ukungu kilitiririka kama maji, na huku chembe zake zimejipanga kwa utaratibu kama za fuwele. Hizo ndizo fuwele za majimaji. Zilikaa karibu miaka themanini bila kazi kubwa, mpaka wataalamu walipotambua kwamba umeme kidogo tu waweza kuzigeuza chembe zile upande. Mwaka wa 1970, katika nchi ya Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walibuni namna ya kioo iliyozaa vioo vya saa, vikokotoo na kompyuta kama ile ya mjomba.

Kioo chenyewe ni matabaka. Kuna vipande viwili vya kioo, na katikati yake majimaji yale, membamba kuliko unene wa unywele. Juu na chini ya vioo hivyo zimebandikwa tando mbili za plastiki zinazochuja nuru. Utando wa namna hiyo ulibuniwa na Mmarekani aitwaye Edwin Land, aliyeomba hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1929. Kazi yake ni kama ya ua wa fito. Mtoto akitaka kupitisha fimbo katika ua huo, ataipitisha ikiwa imesimama sambamba na fito, akiilaza, itakwama. Nuru nayo hutetema pande zote, lakini utando hupitisha ile inayotetema upande mmoja tu.

Sasa fikiri nyua mbili, moja fito zake zimesimama na nyingine zimelala. Nuru iliyopita ua wa kwanza ingekwama katika ua wa pili, lakini majimaji yaliyo katikati yamejisokota, nayo huigeuza nuru kwa robo mzunguko ipate kupita. Umeme ukigusa nukta moja, chembe za mahali pale husimama wima, nuru haigeuzwi tena, inakwama, na nukta hiyo inakuwa nyeusi. Nukta nyeusi zikipangwa hufanya herufi. Kumbe herufi si wino. Ni mahali ambapo nuru imezuiwa.

Na siki ilitoka wapi? Ilitoka katika utando. Tabaka zinazoulinda zimetengenezwa kwa selulosi iliyounganishwa na asidi ileile inayoipa siki ukali wake. Joto na unyevu vikidumu, muungano huo huvunjika, na asidi hutoka. Tena asidi iliyotoka huharakisha kutoka kwa nyingine. Siki huita siki. Watunzaji wa filamu za zamani za sinema waijua sana harufu hiyo, kwa kuwa filamu nyingi zilitengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo na huoza kwa namna hiyohiyo. Mfuko wangu wa plastiki, nilioudhania kuwa kinga, uliifungia asidi ndani pamoja na mgonjwa wake.

Basi nilielewa. Yamkini kioo hakikufa. Kilichooza ni ngozi yake, nayo ngozi yaweza kubadilishwa.

Sikuanza na kioo cha mjomba. Nilichukua kikokotoo kibovu nikajaribu kukibandua utando wake kwa wembe. Nilikuwa na haraka, nikaukandamiza wembe, na kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Majimaji yakaingia hewa, pakawa na doa jeusi lililotambaa kama wino katika karatasi. Nilikaa nikilitazama kwa muda mrefu. Lau ningalianza na kile kingine, kisa kingaliishia hapo.

Kisha nilianza upya, polepole. Kwanza nilisafisha ukoko wa betri. Na tazama kichekesho cha dunia: uchafu unaovuja katika betri za namna ile ni kinyume cha asidi, na dawa yake ni siki kidogo katika pamba, kisha kufuta kwa spiriti na kuacha pakauke. Siki iliyoharibu kioo ndiyo iliyosafisha shaba. Nililehemu betri mpya ya kumbukumbu, nikatia betri nne mpya, nikabonyeza swichi. Nyuma ya mabaka ya kahawia kitu kilitikisika, lakini hakikusomeka.

Nilifungua skurubu, nikakitoa kioo. Kati ya kioo na bodi ya umeme palikuwa na vipande vya mpira vyenye mistari myeusi na myeupe kama punda milia. Mistari myeusi hupitisha umeme na myeupe huuzuia. Nilivipangusa kwa spiriti nikaviweka kando juu ya kitambaa. Utando wa nyuma, wenye mgongo wa rangi ya fedha, ulikuwa bado mzima. Mgonjwa alikuwa wa mbele peke yake. Nilimpasha joto kwa kikausha nywele, nikainua pembe moja kwa wembe uliolala karibu sambamba na kioo, nikavuta kidogo, nikapumzika, nikavuta tena. Kazi ya upana wa kiganja ilichukua saa mbili. Gundi iliyobaki ilinata kama sukari guru. Niliiondoa kwa pamba yenye spiriti, madirisha yakiwa wazi na pasipo moto karibu, nikichunga isifike kingoni ambako vioo vimegandishwa pamoja.

Niliunganisha tena nikawasha. Kioo kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa. Hapakuwa na herufi hata moja.

Nilikuwa nimesoma kwamba itakuwa hivyo, lakini kusoma ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Moyo wangu ulianguka. Ndipo nilipomkumbuka jirani yangu mvuvi. Ana miwani ya jua ya namna maalumu, ambayo humwondolea mng'ao wa maji apate kuona samaki chini. Miwani hiyo ina utando uleule wa Edwin Land. Nilimwendea, akaniazima bila kuuliza mengi. Niliivaa, nikaitazama mashine, nikainamisha kichwa upande kidogo kidogo.

Herufi zilitokea. Zilikuwa nyeusi, kamili, zimepangwa kwa mistari, kana kwamba zimekuwa zikiningoja. Nilipovua miwani zilitoweka; nilipoivaa zilirudi. Jirani naye alivaa, akainamisha kichwa, akasema, "Kumbe yalikuwamo." Naam, yalikuwamo. Kioo kilikuwa kikisema muda wote. Ni kile cha kutusikizisha kilichokuwa kimeoza.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Niliagiza kipande cha utando kutoka ng'ambo. Kabla ya kukibandika nilikiweka juu ya kioo kilichowashwa nikakizungusha: upande mmoja ulitoa herufi nyeusi katika kijivu, na robo mzunguko baadaye zikawa nyeupe katika giza. Nilitia alama, nikakata kwa rula na wembe, nikaanza kubandika kutoka ukingo mmoja huku nikiisukuma hewa kwa kadi. Chembe moja ya vumbi ilinaswa katika pembe ya kulia. Imo mpaka leo.

Nilipanda basi hadi Voi, na kutoka hapo matatu hadi Wundanyi. Mjomba aliipokea mashine kwa mikono miwili, akaileta karibu na uso wake, akainusa. "Bado inanuka siki kidogo," alisema.

Hapo nilimwambia yote: stoo, mfuko, kamba, na uongo wa simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilijua siku ileile, mwanangu. Mtu aliye na kitu salama hujibu mara moja. Wewe ulinyamaza kwanza." Hakuongeza neno, na kwa kutoongeza alinirudi vya kutosha.

Tulitia kaseti ya kwanza. Mlio ulikwaruza, mashine ikakataa. Tukairudisha nyuma, tukapunguza sauti, ikakataa tena. Mara ya tatu ilikubali, na mistari minane ya maneno ya bibi ikasimama juu ya kioo. Macho ya mjomba hayakuweza kuzifuata herufi zile ndogo. Kwa hiyo mimi nilisoma kwa sauti, yeye akasikiliza, na binti yake akaandika katika daftari. Bibi alieleza mvua za utoto wake, mashamba, harusi yake. Halafu aliwataja watoto wake kwa mfuatano wa kuzaliwa, na baada ya mtoto wa tatu palikuwa na jina nisilolijua: msichana aliyeishi miezi minne. Mama yangu hakupata kumtaja kamwe. Niliacha kusoma nikamtazama mjomba.

"Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe," alisema, "nami nilikuwa nimesahau." Akaniambia nilisome tena jina lile. Nililisoma mara mbili.

Kaseti ya pili haikusema kitu. Tulijaribu usiku ule na asubuhi yake, kwa redio mbili mbalimbali, tukapata mlio wa upepo tu. Sikuthubutu kuuliza kama miaka kumi mapema ingalisema. Mjomba naye hakuniuliza.

Msomaji, sikuandika haya ili nisifiwe kwa ufundi, maana fundi aliyetengeneza alichokiharibu mwenyewe amelipa deni tu, na mimi nimelipa nusu. Nimeandika ili uchukue mambo machache. Kama nyumbani kwenu mna mashine ya zamani, toa betri zake, usiifunge katika plastiki, na iweke mahali pakavu penye hewa. Kama mna maneno ya wazee katika kaseti, katika simu au katika kitu chochote kitegemeacho umeme, yanakili mahali pengine leo, wala usimngoje yule mgeni aitwaye kesho. Na ukiletewa kitu, au mtu, ukaambiwa kwamba amekwisha na hafai, usikubali upesi. Uliza kwanza ni tabaka gani lililooza. Huenda ni la juu tu, na chini yake maneno yamo, yamepangwa kwa mistari, yakingoja mtu wa kuinamisha kichwa.

Na mtu akikuuliza habari ya amana yake nawe hujui, mwambie hujui. Jibu hilo lina aibu ya siku moja. Langu lilikuwa na aibu ya miaka, na harufu yake haijaisha yote.